Moyo umeruka pigo: ulikuwa umelala au ulikuwa unakimbia?

Umelala chali usiku, kesho alfajiri una kilomita 20 za kukimbia, nyumba imetulia, afu unausikia. Du, du, du... kimya. Kimya kirefu kuliko kawaida. Halafu DU! moja nzito, kama mtu kagonga mlango kwa ngumi akiwa ndani ya kifua chako. Unaweka vidole shingoni unahesabu, mapigo 44 kwa dakika, unashika simu unaanza kutafuta hii ni nini, na baada ya dakika 10 ushaanza kufikiria nani atarithi viatu vyako.

Mi hii kitu ilinitesa karibu miezi miwili. Nilikuwa na miaka 22, nakimbia kila siku, na kila usiku nausikiliza moyo wangu kama mtu anayesikilizia mwizi dirishani. Wakati huohuo kulikuwa na jamaa yangu tuliyekuwa tunafanya naye mazoezi, yeye usiku analala fofofo, moyo haujawahi kumsumbua kitandani hata siku moja. Ila tukipanda mlima kwa spidi kali alikuwa anasimama katikati, anashika magoti, anasema kifua kinabana, anapumzika dakika mbili tatu kisha anaendelea. Tulikuwa tunamcheka kwamba mapafu yake ni ya kukodi. Basi mimi ndo nikakimbilia kwa daktari, yeye akabaki anapanda milima. Tungetakiwa kubadilishana.

Kosa letu lilikuwa moja, sote tuliangalia dalili inatisha kiasi gani badala ya kuangalia inatokea wakati gani. Kwa kijana anayekimbia mbio ndefu swali la kwanza sio inauma vipi wala imeruka mara ngapi, ni ulikuwa unafanya nini ilipoanza. Moyo unaofanya vituko ukiwa umepumzika afu unatulia ukianza kukimbia, mara nyingi sana ni moyo uliozoea mazoezi tu. Moyo unaotulia kitandani afu ukianza kukimbia ndo unaanza vituko, huo ndo wa kumpelekea daktari, tena mapema. Sio sheria isiyo na mianya, mianya ipo na nitaitaja, ila ukiishika hii peke yake ushapiga hatua kubwa kuliko tulivyokuwa sisi.

Tuanze na huo wa kitandani. Moyo wa mtu mzima aliyekaa tu unasukuma kama lita 5 za damu kwa dakika. Kwa mtu wa kawaida kila pigo linatoa takriban mililita 70, kwa hiyo piga hesabu, anahitaji mapigo 70 na kidogo. Mkimbiaji aliyefanya mazoezi miaka kadhaa, chumba cha chini kushoto cha moyo wake kimetanuka na kinajaa vizuri zaidi, kila pigo linatoa tuseme mililita 110, kwa hiyo lita 5 zilezile anazipata kwa mapigo 45. Hamna uchawi hapo. Moyo wake sio mvivu, ndoo yake ni kubwa, safari za kisimani zimepungua. Na siku ya mbio hiyo ndoo ndo inamlipa, kijana wa kawaida akikimbia mpaka mwisho wa uwezo wake anafika lita 20 hivi kwa dakika, wale wa viwango vya dunia wanapita 30.

Wala sio jambo jipya. Mwaka 1899 daktari mmoja wa Sweden, Salomon Henschen, aliwapima wanamichezo wa kuteleza kwenye theluji masafa marefu kwa kuwagongagonga kifua kwa vidole na kusikiliza mlio unabadilikia wapi, akakuta mioyo yao ni mikubwa kuliko ya watu wengine na akasema ukubwa ule unawasaidia. Kwa vidole tu! Na leo, zaidi ya miaka 100 baadae, bado kuna mkimbiaji anaambiwa "moyo wako umetanuka" kwa sauti ya msiba kabla hata hajaulizwa anakimbia kilomita ngapi kwa wiki.

Sasa huko kupiga taratibu ndo kunakoleta hizo kelele za usiku. Moyo una kijisehemu chake juu upande wa kulia kinachotoa umeme wa kila pigo, kifikirie kama mpiga ngoma kiongozi. Mazoezi marefu yanamfanya huyu kiongozi apunguze mwendo, na kuna neva inaitwa vagasi inayofanya kazi kama breki, ukilala breki inakanyagwa zaidi. Ila sehemu nyingine nyingi za moyo nazo zina uwezo wa kurusha cheche zenyewe, kwa kawaida kiongozi anawawahi hawapati nafasi, lakini akishuka mpaka 44 mwanya kati ya pigo na pigo unakuwa mrefu na mmoja wa wale wa nyuma anadokoa pigo lake kabla ya zamu.

Na hapa ndo nilicheka nilipoelezwa, maana nilikuwa nimelielewa kinyume kabisa. Kile unachokisikia kama pigo lililoruka kiukweli ni pigo lililozidi. Linakuja mapema, moyo haujapata muda wa kujaa, kwa hiyo linasukuma damu kiduchu na kidole chako shingoni hakilisikii. Baada ya hapo umeme unajipanga upya, kunatokea kituo. Katika kile kituo moyo unajaa damu kupita kawaida, na pigo linalofuata linasukuma mzigo wote kwa mpigo mmoja, ndo ile ngumi mlangoni. Yaani kile kilichokuwa kinanitisha zaidi, ile DU nzito, ndo pigo la kawaida limerudi kazini. Haya mapigo ya ziada karibu kila mtu anayo, wengi hawayasikii tu kwa sababu wana kelele zao zingine, na yanaongezeka ukikosa usingizi, ukinywa pombe, ukizidisha kahawa, ukiwa na mawazo au mwili ukikaukiwa maji. Dalili nzuri ni kwamba ukianza kukimbia, kiongozi anaongeza mwendo na wadokozi wanakosa nafasi, yanapotea. Kama yanazidi kadiri unavyoongeza spidi, hiyo ni habari nyingine.

Kuna vituko vingine viwili vya moyo uliopumzika ambavyo vinawashtua watu bure. Weka vidole kwenye kifundo cha mkono sasa hivi, vuta pumzi taratibu mpaka mwisho, afu itoe taratibu. Ukivuta mapigo yanakimbia, ukitoa yanachelewa. Kwa vijana wenye mazoezi hii inaonekana sana mpaka mtu anahisi moyo hauna mpangilio, na wala sio ugonjwa. Kingine kinaonekana kwenye kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG, hasa kile cha kuvaa masaa 24: usiku umeme unatoka vyumba vya juu kwenda vya chini ukichelewa kidogo, pigo linalofuata unachelewa zaidi, linalofuata zaidi, mpaka moja linapotea kabisa kisha mchezo unaanza upya. Hii ina jina la daktari wa Uholanzi, Wenckebach, na kwa mkimbiaji aliyelala inahesabika kuwa ya kawaida.

Mwanya wa kwanza niliosema: sio kila moyo unaokwenda taratibu ni fiti. Mkimbiaji anayekula kidogo kuliko anachotumia, awe anafanya kusudi apungue au hajui tu, mwili wake unaanza kubana matumizi na mapigo yanashuka kwa sababu ya njaa. Kocha anaona 38 anapiga makofi. Kumbe kwa msichana hedhi imekata miezi mitatu, mifupa inaanza kupata nyufa, baridi haimwishi, spidi inashuka badala ya kupanda. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililipa hili tatizo jina lake rasmi mwaka 2014 na wakasema wazi kwamba linawapata wavulana pia. Kwa hiyo mapigo ya chini yakiandamana na mwili unaochoka, usijisifu nayo.

Na kabla sijaenda kwenye maumivu, saa ya mkononi. Watu wengi wanaokuja na hofu wanakuja nayo ikiwa imeandikwa kwenye saa. Unakimbia taratibu kabisa, unaongea na mwenzako, unatazama mkono saa inasema 176. Unapunguza, bado 176. Kabla hujaita mtu, hesabu hatua zako kwa dakika moja. Saa nyingi zinapima mapigo kwa kamwanga kanakomulika ngozi na kusoma damu inavyopita, na mkono ukitikisika kila hatua, saa inaanza kusoma mtikisiko badala ya damu. Wakimbiaji wengi wanapiga hatua 160 mpaka 180 kwa dakika, kwa hiyo namba inayoganda hapo mara nyingi ni miguu yako hiyo sio moyo. Mkanda wa kifuani unasoma umeme wenyewe, ni wa kuaminika zaidi, japo nao ukiwa mkavu dakika za mwanzo unaweza kutoa namba za ajabu mpaka jasho lianze. Cha uhakika kuliko vyote ni kusimama, vidole shingoni, hesabu sekunde 15 zidisha kwa 4. Na ile hesabu ya 220 toa umri isikutishe ukiipita, ni wastani tu, watu wengi wazima wa afya wako mapigo 10 au zaidi juu au chini yake.

Ila kama kweli mapigo yanaruka kutoka 140 kwenda 210 ghafla kama mtu kawasha swichi, unayasikia kifuani, unaishiwa nguvu, afu yanakata ghafla vilevile, hapo saa haijadanganya. Mara nyingi kwa vijana hiyo inatokana na njia ya ziada ya umeme waliyozaliwa nayo, umeme unashuka kwa njia moja unapanda kwa nyingine unazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake. Aina mojawapo ilielezwa mwaka 1930 na madaktari watatu, Wolff, Parkinson na White, na bado inaitwa kwa majina yao. Habari nzuri ni kwamba daktari anaweza kupitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, akaiunguza ile njia ya ziada, na wengi wanapona moja kwa moja. Ukiweza kurekodi wakati inatokea, hata kwa saa yenye kipimo cha umeme, umemrahisishia daktari kazi, maana ukifika hospitali ishakata na kipimo kinaweza kutoka safi.

Haya, kifua. Vijana wengi wanaolalamika kifua kinauma, moyo haumo kwenye kesi kabisa. Kuna maumivu makali kama sindano, unaweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, yanakuja umekaa umejikunja au umelala, ukivuta pumzi ndani yanachoma zaidi kwa hiyo unapumua vijipumzi vidogovidogo kwa woga, sekunde kadhaa au dakika chache yameisha kama hayakuwepo. Hayo ni ya vijana hasa, na hayaui. Kuna maumivu ya pale mbavu zinapoungana na mfupa wa katikati ya kifua, hayo ukibonyeza na kidole unaruka, na mara nyingi umetoka kubeba vyuma au kukohoa wiki nzima. Kuna kiungulia, kinaunguza kinapanda kooni, kinakuja umekula ukakimbia kabla chakula hakijashuka. Na kuna mirija ya hewa inayobana kwa mazoezi, kifua kinakaza, unakohoa, unasikia filimbi ndani, na mara nyingi inafika kilele ukishamaliza, dakika 5 mpaka 15 baada ya kusimama, tofauti kabisa na moyo ambao ukisimama unapata nafuu.

Hapo kwenye "ukisimama unapata nafuu" tukae kidogo, maana watu wanaisikia kama habari njema. Jamaa yangu aliisikia hivyo. Kifua kinabana, kinakuwa kizito, haoneshi kwa kidole kimoja ila anaweka kiganja kizima au ngumi katikati, saa zingine kinapanda shingoni au taya au mkono, anasimama, dakika mbili tatu kimeachia, anasema si unaona, ilikuwa pumzi tu. Afu kesho kilima kilekile, kifua kilekile. Kuja kwa juhudi na kuondoka kwa kupumzika, tena kwa kurudiarudia, ndo sura kamili ya misuli ya moyo inayolilia damu. Moyo wenyewe nao unalishwa na mishipa yake, na hautaki kingi ukiwa umelala, unataka kingi ukiwa mlimani. Mshipa ukiwa na kasoro, kitandani utatosha, mlimani hautatosha. Ndo maana kupumzika kunaponya, na ndo maana kuponyeka huko sio ushahidi wa uzima.

Kwa mzee tungefikiria mafuta yaliyoganda kwenye mishipa. Kwa kijana wa miaka 20 cha kufikiria ni mshipa uliozaliwa pasipo mahali pake, unaanzia upande usio wake wa mshipa mkuu na saa zingine unalazimika kupenya katikati ya ile mishipa mikubwa miwili, unaokwenda mwilini na unaokwenda mapafuni, mdomo wake umebanwa kama mpasuo wa mfuko wa shati, damu ikihitajika kwa wingi haipiti. Mchezaji wa kikapu wa Marekani, Pete Maravich, alicheza miaka yote ile ya ushindani na alipofariki mwaka 1988 akiwa na miaka 40, akicheza mchezo wa kujifurahisha tu, ndo ikaonekana moyo wake haukuwa na mshipa wa kushoto tangu kuzaliwa. Ubaya wa kasoro za aina hii ni kwamba ECG ya kulala kitandani mara nyingi inatoka safi kabisa. Anayekwambia "ECG yako nzuri, kimbia tu" wakati umemweleza kifua kinabana mlimani, muombe kwa heshima akusikilize tena.

Kitu kingine chenye uzito uleule ni kuzimia, na hapa napo wakati ndo kila kitu. Mtu kavuka mstari wa kumalizia, kasimama, sekunde chache kaanguka. Inatisha kutazama lakini mara nyingi ni hivi: ukikimbia, misuli ya miguu inakamua damu kurudi juu kila hatua, ukisimama ghafla ule ukamuaji unakata wakati mishipa ya miguu bado imefunguka, damu inabaki chini, kichwa kinakosa. Mnyanyue miguu, atarudi. Ndo maana wanakuambia tembea usisimame. Lakini mtu aliyekuwa katikati ya mbio, anakimbia vizuri, akadondoka ghafla bila hata kunyoosha mikono kujikinga, huyo moyo wake umekosa mpangilio mpaka ithibitike vingine. Hata kama ameamka mwenyewe akafuta vumbi akasema niko poa, mbio zake zimeishia hapo mpaka achunguzwe.

Nyuma ya hayo kuna magonjwa machache yanayojulikana. La kwanza misuli ya moyo inayonenepa kwa kurithi, inakadiriwa mtu 1 kati ya 500 anayo na wengi hawajui, ndo iliyomuangusha mchezaji wa mpira Marc-Vivien Foé wa Cameroon uwanjani Lyon mwaka 2003. Lingine ni misuli inayoliwa taratibu na nafasi yake kuchukuliwa na mafuta na makovu, na hili ni katili kwa mkimbiaji kwa sababu mazoezi yenyewe ya masafa marefu yanaliharakisha, mgonjwa anaambiwa aache kabisa mashindano. Mwaka 2007 Ryan Shay, mkimbiaji wa Marekani mwenye miaka 28, alianguka kwenye mchujo wa marathon wa Olimpiki pale Central Park, New York, kabla hata ya kilomita 10, na uchunguzi ukasema mapigo yalikosa mpangilio kwenye moyo uliokuwa mkubwa na wenye makovu. Tofauti yote iko kwenye hilo neno makovu. Moyo mkubwa wa mazoezi ni laini, umeme unapita sawasawa. Kovu halipitishi umeme, umeme unazunguka pembeni yake, na hapo ndo fujo inaanzia.

Kuna na magonjwa ya umeme mtupu, moyo ukiuangalia ni mzuri kabisa hauna kasoro lakini seli zake zinachelewa kujichaji, na huu ndo mwanya wa pili wa sheria yangu, maana baadhi yake yanashika mtu akikimbia au akiogelea lakini mengine yanamshika kwa kushtuliwa na kengele ya alamu au akiwa usingizini kabisa. Kwa hiyo kuzimia bila sababu ni kwa kuchunguzwa hata kama hukuwa unakimbia. Na ulizia nyumbani. Mjomba aliyefariki ghafla na miaka 30, binamu aliyezama kwenye maji wakati alikuwa anajua kuogelea, dada aliyeambiwa ana kifafa lakini dawa za kifafa hazikumsaidia, hizo hadithi zinazosimuliwa kama mikosi ya ukoo daktari wa moyo akizisikia anaacha kuandika anakutazama.

Mwanya wa tatu unaweza kumpata mtu yeyote. Mafua makali, homa, mwili unauma, na mkimbiaji ana mbio wiki ijayo kwa hiyo anajikaza. Virusi saa zingine vinaingia kwenye misuli ya moyo na kuiwasha, yaani inavimba na kuumia. Mapigo ya asubuhi yako juu kuliko kawaida yako, kifua kinauma ukiwa umelala na kupungua ukiinama mbele, unahema kwa spidi ambayo juzi ilikuwa ya kutania. Usikimbie na homa. Ikithibitika moyo umewaka, wanamichezo mara nyingi wanasimamishwa miezi 3 mpaka 6, na sijawahi kukutana na mkimbiaji aliyepokea hiyo hukumu kwa furaha, lakini kovu linalotokana na kujikaza halina miezi 6.

Ukienda kupima, sema unakimbia. Lisemeke kabla hujalala kitandani, kilomita ngapi kwa wiki na kwa miaka mingapi, kwa sababu karatasi ya ECG ya mkimbiaji ikisomwa na mtu asiyejua inafanana na ya mgonjwa. Kwa wanamichezo weusi hili lina uzito zaidi: kuna mawimbi fulani mbele ya kifua ambayo kwa baadhi yetu yanapinduka kichwa chini na ni kawaida yetu, wakati kwa mzungu yangeanzisha uchunguzi. Mwongozo wa kimataifa wa kusoma ECG za wanamichezo wa 2017 umeandika hilo waziwazi, ila sio kila aliyeshika karatasi kausoma. Kwenye kipimo cha mawimbi ya sauti, ule unene wa ukuta wa moyo ukifika milimita 15 wanafikiria ugonjwa wa kurithi, 13 mpaka 14 ni eneo la ukungu, na njia moja ya kulitatua ni kumpumzisha mtu miezi kama mitatu kisha wapime tena. Ukuta wa mazoezi unapungua, wa ugonjwa haupungui. Na ukienda kupima damu siku uliyomaliza marathon, ile protini inayoitwa troponini ambayo hutumika kutambua shambulio la moyo inaweza kuwa imepanda kwa mtu mzima kabisa, afu ndani ya siku moja mbili inashuka, kwa hiyo waambie umetoka wapi.

Je, tupimwe wote kabla hatujaanza? Italia tangu 1982 sheria inawalazimisha wanamichezo wa mashindano kupimwa, ECG ikiwemo. Marekani wataalamu wao kwa miaka mingi wametegemea zaidi maswali na uchunguzi wa mkono, kwa hofu ya kuwatisha wazima wengi ili kumpata mmoja. Mi naona maswali yakiulizwa vizuri na kujibiwa kwa ukweli yanapata vitu ambavyo mashine haipati, shida ni kwamba sisi wakimbiaji ni waongo, tunaogopa kuzuiwa. Na ukubwa wa hatari uwekwe mahali pake: Marekani kati ya 2000 na 2010 walihesabu wakimbiaji milioni 10.9 wa marathon na nusu marathon, moyo ukasimama kwa watu 59, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 42. Kwa kijana ni nadra kweli.

Ikitokea mbele yako lakini, takwimu hazina kazi. Kaanguka, haitiki, hapumui au anakoroma kwa kuvutavuta hewa kama samaki nchi kavu, saa zingine na mikono inatikisika kidogo watu wanapiga kelele kifafa kifafa wanamwekea kijiko mdomoni. Huko sio kupumua. Piga simu ya dharura, kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, kina cha sentimita 5 mpaka 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, na mtu mwingine akimbilie mashine ya kushtua moyo, ukiiwasha inakuelekeza yenyewe. Kila dakika inayopita bila msaada nafasi ya kupona inashuka kwa asilimia 7 mpaka 10. Fabrice Muamba, mchezaji wa mpira Uingereza, mwaka 2012 moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe, na yuko hai, kwa kiasi kikubwa kwa sababu mikono haikutoka kifuani kwake.

Jamaa yangu alienda mwishowe, na sio kwa sababu tulimshauri. Siku moja kilima kile kilimshinda kabisa, akakaa chini rangi imebadilika, akatukataza tusimcheke. ECG ya kwanza ilitoka safi. Daktari wa pili akamuuliza lile swali, unakuwa unafanya nini ikitokea, afu akamuuliza tena ukisimama inakuwaje, akamtuma kwenye picha ya mishipa ya moyo. Mshipa wa kulia ulikuwa unaanzia kushoto. Wakamfanyia upasuaji, akakaa nje karibu mwaka mzima, sasa anakimbia, spidi yake sio ile lakini kilima anamaliza bila kusimama na akifika juu anatusubiri na kutuuliza nani ana mapafu ya kukodi.

Mimi usiku wa juzi uliruka tena, kama mara tatu hivi. Nikageukia upande wa pili.